Mshipa si Bomba: Majibu Kuhusu Mafuta, Neva na Presha

Barua zimerundikana tangu nilipoandika juu ya presha na vyakula vya kukaanga. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Walioomba dawa ya kuondoa kitambi kwa wiki mbili wasinisubiri, kwa sababu dawa hiyo haipo.

"Nina miaka 34, ni mwembamba, na kila jioni nikishuka kwenye matatu hununua chipsi hapa Kayole. Mafuta hayo yatachukua miaka mingapi kuziba mishipa yangu?" (Msomaji, Kayole)

Swali hili huja kila mara, na kila mara limejengwa juu ya picha ileile: mshipa wa damu ni bomba la maji, mafuta ni uchafu, na siku moja bomba litaziba. Kuna ukweli ndani yake, maana mafuta na kolesteroli hujijenga kwenye ukuta wa ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) kwa miaka mingi. Lakini picha hiyo inakudanganya kwenye jambo kubwa. Inakufanya uamini kwamba una muda, na kwamba hadi siku ya kuziba hakuna kinachotokea.

Mshipa uko hai. Umezungukwa na misuli laini, na misuli hiyo hupokea amri kutoka kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazoitwa za simpathetiki. Neva hizi hutoka kwenye uti wa mgongo, hutambaa juu ya ateri ndogondogo, na kwenye ncha zake humwaga kemikali iitwayo noradrenalini. Noradrenalini ikigusa msuli, mshipa hubana. Amri hizi hazikatiki usiku wala mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya namna hii shingoni mwa sungura, na sikio la upande ule likajaa damu na kupata joto. Amri ilikuwa imeondoka, mishipa ikalegea.

Anayevutana na neva hizo ni utando mwembamba wa seli uliotandikwa ndani ya mshipa. Utando huu hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi, ambayo hulegeza msuli. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi yao juu ya gesi hiyo. Presha yako ya leo, saa hii unaposoma, inategemea sana ni nani anayeshinda kati ya neva inayobana na utando unaolegeza.

Mafuta unayokula huingilia pande zote mbili. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwapa watu 10 wenye afya njema mlo mmoja wenye gramu 50 za mafuta. Uwezo wa ateri ya mkono kupanuka ulishuka hadi karibu nusu, na saa nne baadaye ulikuwa bado uko chini. Watu hao hao walipokula mlo wa kalori zilezile usio na mafuta, hali hiyo haikutokea. Kwa upande wa neva, watafiti wengine wa Marekani miaka ya 1990 waliinua kiwango cha asidi za mafuta kwenye damu ya watu kwa dripu, kisha wakawapa dawa inayoiga noradrenalini. Dozi ileile ilibana mishipa zaidi kuliko kabla ya dripu. Yaani neva haikuhitaji hata kuongeza sauti. Mshipa wenyewe ulikuwa umeanza kuisikia kwa ukali zaidi. Na usidharau kubana kidogo: kipenyo cha mshipa kikipungua nusu, ukinzani dhidi ya damu hupanda mara 16.

Kwa hiyo usihesabu miaka. Mabadiliko huanza saa chache baada ya kula, kisha hutulia, na jioni inayofuata unayaamsha tena. Mwili wa miaka 34 hustahimili mengi, na sahani moja ya chipsi haitakuua. Lakini kila jioni ni tabia. Usijitetee kwa wembamba wako. Nenda ukapime presha wiki hii.

"Je, maji moto na ndimu asubuhi huyeyusha mafuta kwenye mishipa?" (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Wala siki ya tufaha, wala tangawizi, wala zile chupa zisizo na lebo zinazouzwa kwa spika barabarani. Nimeshajibu hili vya kutosha na sitalirudia tena.

"Ninauza mandazi, bhajia na chipsi Kariobangi. Mafuta nayatumia siku tatu hivi. Kila jioni nayachuja na asubuhi naongeza mapya juu yake. Mteja mmoja ameniambia nawaua watu. Ni kweli?" (Mama wa kibanda)

Mama, huyo mteja amekosa adabu. Ila jambo lenyewe ni zito, na nimefurahi umeliuliza wewe mwenye karai badala ya wale wanaokula na kunung'unika tu.

Mafuta yanapochemshwa kwenye karai lililo wazi, tena na tena, moto, hewa na maji yanayotoka kwenye viazi huyavunjavunja. Kinachobaki si mafuta yale uliyopimiwa dukani. Huko Malaysia, nchi inayozalisha sehemu kubwa ya mawese ya dunia, watafiti waliwalisha panya kwa wiki 24 chakula kilichochanganywa na mafuta yaliyochemshwa mara tano na mengine mara kumi. Presha ya panya ilipanda. Mishipa yao ilipopimwa maabara, ilibana kwa nguvu zaidi ilipoguswa na dawa inayoiga noradrenalini, na ilishindwa kulegea kama ile ya panya waliokula mafuta mapya. Panya si binadamu, hilo nalijua. Lakini ni jambo lilelile nililomweleza msomaji wa Kayole, na kwangu mimi latosha kutoa onyo.

Kuchuja huondoa makombo na unga ulioungua, na ni vizuri uendelee kuchuja. Hakurudishi mafuta kwenye hali yake ya kwanza. Kuongeza mapya juu ya yaliyochoka ndiko kosa kubwa, kwa sababu yaliyochoka huyaharibu mapya upesi. Tumia karai dogo zaidi ili mafuta yaishe siku hiyohiyo au ya pili. Vikaushe viazi kwa kitambaa safi kabla ya kuvitia. Punguza moto: mafuta yakitoa moshi umeshapita kiasi. Chumvi nyunyiza kwenye sahani, si juu ya karai. Jioni yafunike na uyaweke mbali na mwanga. Na ukiyaona yamekuwa meusi na mazito, yanatoa povu lisilotulia, au yanafuka moshi mapema kuliko siku ya kwanza, usiyahurumie. Yamwage, yakishapoa, na si kwenye mtaro.

Najua bei ya mafuta ya saladi, na najua kwamba mandazi ya shilingi kumi hayaachi faida ya kuchezea. Ndiyo maana sitakuambia ukaange kwa mafuta mapya kila asubuhi. Ila yaliyokwisha kutumika mahali pengine usiyanunue hata yakiwa ya bei ya kutupa. Na yale yasiyo na lebo, yanayosifiwa kwamba hudumu karaini bila kuisha, yakatae papo hapo. Hayo si ya kula. Wakaguzi wanaokuja kuuliza leseni na cheti cha afya, ningependa siku moja waangalie na karai. Na waanzie kwenye mahoteli makubwa yenye mashine za kukaangia, ambako mteja haoni hata rangi ya mafuta.

"Tangu baridi ya Julai vidole vyangu ni baridi kama mtu aliyekufa. Dada yangu anasema ni kolesteroli." (Msomaji, Lang'ata)

Ni Julai. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake za msimu huu ni kali. Neva za simpathetiki hubana mishipa ya ngozi ili joto libaki kifuani na tumboni, na ukivaa soksi na kunywa uji vidole hurudi. Ila kidole kikigeuka cheupe au bluu kikauma, au mkono mmoja tu ndio baridi na mwingine una joto, usingoje Agosti. Nenda hospitali. Na ukihisi ganzi au kuchomachoma nyayoni, pima sukari.

"Nyinyi wataalamu mnatutisha na mafuta. Wamaasai wameishi kwa maziwa, nyama na mafuta ya mnyama vizazi na vizazi. Mbona hawafi kwa moyo?" (Msomaji, Ongata Rongai)

Hili ni swali zuri, na waliolichunguza walifanya kazi ya maana. George Mann wa Marekani na wenzake, akiwemo Anne Spoerry, yule daktari wa ndege ambaye wazee wa Lamu na kaskazini bado wanamkumbuka, walichapisha mwaka 1972 uchunguzi wa mioyo na ateri za wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Wengi husimulia nusu tu ya walichokiona. Kuta za ateri zao hazikuwa safi. Zilikuwa na mafuta na unene, na zile ateri zinazolisha moyo zilikuwa zimenenepa ukutani sawa na za wazee wa Marekani. Tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, kiasi cha kufidia ule unene na zaidi, na yale madonda mabaya yanayopasuka na kuleta mshtuko wa moyo yalikuwa machache mno. Watafiti walidhani siri ni ukakamavu wa mwili: watu wale walitembea.

Hiyo inaafiki tunayoyajua leo. Mazoezi ya kila siku hupunguza kelele za neva za simpathetiki na huuchochea utando wa mshipa utengeneze naitriki oksaidi zaidi. Mtu anayefuata ng'ombe kutwa nzima na mtu anayefuata foleni ya Mombasa Road ameketi hawawezi kula mafuta sawa wakapata mishipa sawa.

Kama unataka ushahidi wa nyumbani juu ya kinachotokea mtu akihama, uko. Mwaka 1990 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliowafuata Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki. Presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi, na tofauti hiyo ilionekana mapema baada ya kufika mjini, bila kungoja miaka. Chumvi kwenye mkojo wao iliongezeka na potasiamu (madini ya matunda na mboga) ikapungua, uzito ulipanda, na mapigo ya moyo yakawa ya kasi zaidi. Hiyo kasi ya mapigo ndiyo ninayotaka uitazame, kwa sababu ni dalili ya mfumo wa neva uliochangamka. Hakuna ateri inayozibwa na mafuta ya chakula ndani ya miezi michache. Neva na chumvi hazihitaji hata muda huo.

Kwa hiyo ukitaka kula kama Mmaasai wa zamani, anza na miguu yake kabla ya mafuta yake.

"Presha yangu ni 150 kwa 95. Sijisikii vibaya hata kidogo. Nikiacha mafuta kabisa, naweza kuacha dawa?" (Msomaji, Umoja)

Usiache dawa. Nasema hivyo kabla ya kueleza kwa sababu kila mwaka nasikia habari ya mtu aliyeacha, akapata kiharusi, na sasa anaburuta mguu.

Kutojisikia vibaya si kipimo. Kwenye uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa maishani. Wengi wao walikuwa wakienda kazini, wakicheka na kupanda ngazi. Presha haiumi hadi siku inapopasua kitu.

Kuna dawa zinazofanya kazi kwenye neva zenyewe. Methildopa, ambayo kina mama wengi wanaijua kutoka kliniki ya wajawazito, na klonidini hupunguza amri zinazotoka kwenye ubongo. Atenololi huziba masikio ya moyo usisikie noradrenalini. Ukiacha ghafla klonidini au atenololi, amri zilizokuwa zimezuiwa zinaweza kurudi kwa kishindo, presha ikapaa na moyo ukaenda mbio. Hata kama dawa yako ni ya aina nyingine, tuseme amlodipini au losartani, anayepunguza dozi ni daktari wako akiwa na vipimo vyako mezani.

Na mafuta? Yapunguze, ndiyo. Lakini unayo chumvi, ambayo kwa presha ina mkono mzito kuliko mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, ukijumlisha ile iliyo kwenye mkate, soseji na viungo vya mchuzi vya pakiti. Wanaoniandikia juu ya mafuta huwa hawataji viungo vya mchuzi hata siku moja.

"Mama yangu ana miaka 78. Akimaliza kula mchana na kuinuka, kizunguzungu kinamshika, juzi alianguka. Tumemwondolea mafuta yote kwenye chakula lakini haijasaidia." (Binti, Buruburu)

Mrudishieni mafuta kidogo, mpenzi. Hapa si mafuta yenye kosa kubwa.

Mtu akila, damu nyingi hukimbilia tumboni. Kwa kawaida vipimo vya presha vilivyo kwenye ateri za shingo na ile kubwa ya kifuani hugundua kwamba presha inashuka, ubongo ukaamuru neva zibane mishipa ya mahali pengine, na mtu hajui hata kama kuna lililotokea. Kwa wazee, na kwa wenye kisukari cha muda mrefu, neva huchelewa. Presha hushuka ndani ya saa mbili baada ya mlo, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi tayari ni tatizo lenye jina lake kitabuni. Kinachoishusha sana ni wanga na sukari kuliko mafuta: ule mlima wa ugali au wali, na chai yenye sukari nyingi juu yake.

Mpeni milo midogo mara nyingi zaidi. Anywe glasi ya maji kabla ya kula, kama daktari hajamzuilia maji kwa sababu ya moyo au figo. Akae nusu saa au zaidi baada ya chakula, kisha ainuke polepole huku ameshika kitu. Pimeni presha yake kabla ya mlo, na tena saa moja baadaye, kwa siku kadhaa, mwandike. Karatasi hiyo mpelekeeni daktari pamoja na dawa zake zote, kwa sababu huenda anameza dawa ya presha saa ileile ya chakula. Na kwa kuwa ameshaanguka, msingoje kliniki ya mwezi ujao.

"Vidonge vya mafuta ya samaki ni ghali. Nikila omena napata kitu kilekile?" (Msomaji, Dandora)

Unapata mafuta ya omega-3 ya aina ileile, pamoja na protini na kalsiamu ambazo kidonge hakina, kwa hela ya Gikomba. Omega-3 za samaki zimeonekana kupunguza kidogo kasi ya mapigo ya moyo na presha. Utafiti mmoja mdogo wa mwaka 2003 uliwapa wanaume wenye afya mafuta ya samaki kwa wiki tatu kisha ukawatia kwenye msongo wa akili kwa makusudi. Kupanda kwa homoni ya adrenalini kulipungua. Kwa hiyo neva nazo zinanufaika. Ila usitarajie muujiza, wala usimeze vidonge vingi kwa mkupuo ukidhani ni chakula tu: dozi kubwa zimehusishwa na moyo kupiga ovyo bila mpangilio.

Sasa onyo ambalo hukuniuliza. Omena wakioshwa vizuri kwa maji ya moto, wakachemshwa kwa nyanya na kitunguu, ni chakula. Omena wakikaangwa hadi wawe wakavu ndani ya mafuta yale yale ya juzi, umenunua omega-3 sokoni ukaichoma jikoni. Wanawake wanaouza omena waliokwisha kukaangwa kwa kikombe wanaweza kukupa wabichi ukiomba. Omba wabichi.

"Nikila nyama choma na bia kadhaa Jumamosi, usiku moyo unanidunda masikioni. Ni mafuta ya mbuzi?" (Msomaji, Kahawa West)

Mbuzi anasingiziwa. Bia kwanza hulegeza mishipa, ndiyo maana uso unapata joto na unajiona uko sawa. Kisha neva za simpathetiki hujibu, na moyo huendelea kwenda mbio kwa saa nyingi wakati wewe umeshalala. Juu yake umeweka chumvi uliyokuwa ukichovya nyama, na mlo mkubwa wa saa nne usiku. Punguza bia, kula mapema, chumvi iache kwenye ubao wa mwenzako, na kachumbari iongeze.

Muulize pia unayelala naye kama unakoroma na kukata pumzi usingizini. Kila pumzi inapokatika, neva hupiga kelele na presha hupaa, usiku kucha. Wanaume wengi wa umri wa makamo mjini humu wana tatizo hilo na wanalifanyia mzaha. Kama unalo, mweleze daktari waziwazi. Na ule uzito wa tumboni una sehemu yake: seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo hufika kwenye ubongo na kuongeza amri za simpathetiki, hasa kwa figo. Figo nazo hushikilia chumvi. Hivyo mafuta uliyoyahifadhi kiunoni yanazungumza na neva zako hata siku usiyokula chochote cha kukaanga.

"Shemeji yangu wa Kilifi anatuletea mafuta ya nazi na kusema tunywe kijiko kila asubuhi ni dawa ya moyo." (Msomaji, South C)

Mshukuruni shemeji, pikeni mbaazi na wali wa nazi Jumapili, kijiko cha asubuhi acheni. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale magumu, yaliyoshiba, na yakilinganishwa na ya alizeti hupandisha kolesteroli mbaya. Mawese, ambayo ndiyo mengi kwenye vibanda na maduka yetu, ni karibu nusu. Mtaani huhitaji maabara: chupa ya mafuta inayopata ukungu mweupe na kuganda asubuhi ya Julai kuna uwezekano mkubwa ni mawese. Ya alizeti hubaki maji. Mafuta mgando ya kopo nayo yasome lebo, maana yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni ndiyo mabaya kuliko yote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kufikia 2023, na kikomo linachokubali ni gramu 2 tu za aina hiyo kwa kila gramu 100 za mafuta.

"Basi si afadhali tusile mafuta kabisa?" (Msomaji, Zimmerman)

Hapana. Ala inayofunika neva zako imejengwa kwa mafuta, na vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Mtu mzima anaweza kupata hadi karibu asilimia 30 ya nguvu yake kutoka kwenye mafuta, yaliyoshiba yasizidi asilimia 10. Parachichi za Murang'a, njugu, samaki, alizeti. Mafuta ya kupikia sukuma wiki ya watu wanne ni vijiko viwili, si kumimina hadi sufuria inyamaze.

"Nikitaka kupima presha, nipime kabla ya kula au baada?" (Msomaji, Kawangware)

Kabla. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kupima, na kwanza nenda haja ndogo. Keti dakika tano mgongo ukiwa umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Mkanda uvalishwe juu ya ngozi, si juu ya sweta; nimeona wahudumu wa maduka ya dawa wakifunga juu ya koti, na kipimo hicho hakina maana. Pima mara mbili, achanisha kwa dakika moja, andika zote. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo nenda kliniki na karatasi yako. Ikiwa 180 kwa 120 au zaidi na una maumivu ya kifua, kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.